Mwendo Kutoka Feri: Historia ya Kuhama kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Mahali paitwapo Feri katika mji wa Dar es Salaam pana majina mawili yenye maana moja. Wengine hupaita Kivukoni, kwa kuwa ndipo watu wavukapo kwenda Kigamboni. Wengine hupaita Feri, neno la Kiingereza la chombo kile kile cha kuvushia, lililoingia katika matamshi ya Waswahili. Hapo alfajiri mashua na ngalawa hushusha samaki, na wachuuzi hununua kwa mnada. Hapo kivuko huleta watu wa Kigamboni waendao kazini, na tangu mwaka 2016 hapo ndipo mwisho wa njia ya mabasi ya mwendokasi yatokayo Kimara. Mchuuzi wa samaki hana budi kuwapo kabla ya jua kuchomoza. Akichelewa, samaki wazuri wamekwisha, na atakayemkuta ni wa bei kubwa au wa kuoza. Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo, kuelekea magharibi, ndiyo Kariakoo na soko lake. Kati ya mahali hapa pawili ndipo riziki ya watu wengi wa mji ilipokaa tangu zamani.

Katika muda wa miaka zaidi ya 130 wakazi wa mji huu wamehamishwa, au wamehama wenyewe, mara nyingi. Kila mara liliulizwa swali moja: je, waende wapi? Wenye amri walilijibu kwa kutaja kiwanja. Wakazi walilijibu kwa kutaja mwendo, yaani umbali wa kila siku baina ya mahali pa kulala na mahali pa kupata chakula. Makala haya yaeleza historia ya majibu hayo mawili, na yaonyesha ni nani aliyesahauliwa mara kwa mara katika hesabu. Huyo ni mpangaji, mtu aliyekaa katika mji lakini asiyekuwa na nyumba.

Mzizima na mstari wa kwanza

Kabla ya kuwapo Dar es Salaam kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwa kaskazini ya mlango wa bandari, karibu na mahali ilipo Hospitali ya Ocean Road. Wenyeji wake walikuwa Washomvi, na nyuma yao, kuelekea bara, walikaa Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari hii iliyofichika na upepo, akaanza kujenga mji mpya ufuoni. Alifariki mwaka 1870 kabla ya kazi kwisha, na ndugu yake Sayyid Barghash hakuiendeleza. Majumba mengine yakaanguka, bali watu hawakutoka wote. Wavuvi walibaki, na wakulima wa nyuma ya mji waliendelea kuja pwani kuuza mazao yao.

Mwaka 1887 Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo chake hapo, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Mwaka huo huo ilitoka amri ya kujenga, nayo ndiyo iliyochora mstari wa kwanza. Mji uligawanywa sehemu tatu. Upande wa mashariki na ufuoni zilitakiwa nyumba za namna ya Kizungu. Katikati nyumba za mawe za maduka na makazi. Na nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa makuti, ziliachiwa upande wa nyuma. Yafaa kuitazama sana amri hii, kwa sababu haikuhitaji kumtaja mtu. Ilitaja makuti. Lakini mwenye makuti alijulikana, na aliyekuwa na nyumba ya makuti karibu na maji alielewa kwamba wakati wake wa kukaa pale ulikuwa unakwisha. Ndivyo zilivyopatikana sehemu ambazo watu wenyewe waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Hivyo hatua ya kwanza ya kuhama ilikuwa fupi: kutoka ufuoni kwenda nyuma ya mji. Mvuvi aliondolewa karibu na chombo chake, lakini bado aliweza kukifikia kwa miguu. Mwendo uliongezeka kidogo, na riziki haikukatika.

Kariakoo

Sehemu kubwa ya ardhi iliyokuja kuitwa Kariakoo ilikuwa shamba la Mjerumani aitwaye Schoeller. Waafrika walijenga humo kwa kulipa kodi ya ardhi; nyumba ilikuwa yao na ardhi haikuwa yao, jambo litakaloonekana tena na tena katika historia hii. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia Serikali ya Wajerumani ililinunua shamba hilo, ikakusudia kuwapeleka Waafrika wote huko na kuacha uwanja mtupu baina yao na mji wa mawe. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Jengo la soko nalo lilisimamishwa.

Vita vilipoanza mwaka 1914 mambo yote hayo yalisimama. Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba mwaka 1916, na jengo lile la soko likawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps. Ulimi wa watu uliligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua mizigo ya vita wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mtaa mkubwa wa Waafrika katika mji huu ukabeba jina la kazi yao. Hata majina ya barabara yalitoka vitani: Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti ni mahali pa mapigano ya mwaka 1917 katika nchi ya kusini. Mtu anunuaye kitambaa leo katika barabara hizo anapita juu ya kumbukumbu ambayo aghalabu haijui.

Waingereza waliifuata ramani ya Wajerumani. Barabara zilinyoshwa, viwanja vikapimwa kwa ukubwa uliokaribiana, na jengo la soko likafunguliwa kuwa soko mwaka 1923. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Chama cha Mataifa, kanuni za mji za miaka ile hazikupenda kutaja rangi. Zilirudia hila ya mwaka 1891 na kutaja namna ya nyumba.

Katika viwanja hivyo ilikua ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Ina ujia katikati kutoka mlango wa mbele hata uani. Kila upande wa ujia pana vyumba vitatu. Nyuma pana ua wenye jiko na choo. Mbele pana baraza. Kwanza iliezekwa makuti, halafu madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, halafu bati. Mwenye nyumba na jamaa zake walikaa katika chumba kimoja au viwili, na vingine vilipangishwa. Nyumba hii haikuwa makazi tu. Ilikuwa shamba la mjini, na kodi ya vyumba ilikuwa mavuno yake. Wajane wengi walilelewa nayo. Watoto walisomeshwa nayo. Na mgeni aliyeshuka kutoka Uzaramo, Rufiji au Unyamwezi aliweza kupata chumba kwa fedha kidogo, katika mwendo wa miguu kutoka bandarini. Kwa hiyo katika kila nyumba moja palikuwa na makundi mawili ya watu: mwenye nyumba, ambaye jina lake liliandikwa katika daftari la Serikali, na wapangaji, ambao majina yao yalijulikana na majirani tu.

Ilala, Temeke na Magomeni

Kariakoo ilijaa upesi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Serikali ilipima viwanja Ilala, na baada ya vita vya pili vya dunia ikafungua Temeke na Magomeni. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilipata watu 69,227 katika mji. Ile ya mwaka 1957 ilipata 128,742. Katika miaka 9 mji ulikuwa karibu kuwa mara mbili. Mwaka 1949 wahandisi wa Alexander Gibb kutoka Uingereza walitoa mpango mkuu wa kwanza wa mji, ukionyesha viunga vipya vitakavyowapokea watu, na mwaka huo huo kampuni ya mabasi ya DMT ilianza kazi. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Kiunga kisicho na basi ni kijiji. Kikipata basi huwa mtaa.

Lakini si kila kazi ilingoja basi. Makuli wa bandarini walikuwa vibarua wa siku. Aliyetaka kazi alipaswa kuwapo langoni asubuhi ili achaguliwe, na aliyechelewa alirudi nyumbani mikono mitupu. Watu hawa walishikamana na Gerezani, Keko na Kariakoo hata kodi ilipopanda, kwa sababu kuhama kungewapotezea kazi. Ukaribu huo pia uliwapa nguvu: migomo ya bandarini ya mwaka 1939, 1947 na 1950 ilifanywa na watu waliokaa pamoja na kujuana katika vyumba na mabaraza.

Mwaka 1956 J. A. K. Leslie, aliyekuwa mtumishi wa Serikali, aliuchunguza mji wote, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1963. Kitabu hicho chaonyesha jinsi watu walivyochagua mahali pa kukaa: kwa jamaa, kwa kabila, kwa rafiki aliyetangulia, na kwa ukaribu wa kazi. Aliyefika mji alikwenda kwanza kwa ndugu. Alipopata kazi alipanga chumba. Na aliyebahatika alitafuta kiwanja pembeni akajenga nyumba ya vyumba sita, akawa yeye mwenye nyumba. Basi njia ya kutoka Kariakoo kwenda Magomeni haikuwa njia ya kufukuzwa tu; kwa wengine ilikuwa njia ya kupanda daraja. Hata katika siasa mwendo huo waonekana. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 Kariakoo, katika barabara ya New Street, ambayo sasa ni Lumumba. Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipokewa kwanza nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo. Baadaye akahamia Magomeni, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Alifuata njia ile ile waliyoifuata maelfu ya watu wa mji: kwanza chumba kwa mwenyeji, kisha nyumba kiungani.

Miaka ya Uhuru

Serikali ya Uhuru ilikuja na nia ya kuwapa watu nyumba bora. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miaka iliyofuata Shirika lilibomoa nyumba mbovu za udongo katika mitaa kama Magomeni na kujenga nyumba za matofali mahali pale pale. Yapasa kuisifu shabaha hiyo, kwa kuwa mkazi hakuambiwa aondoke mtaani kwake. Lakini gharama ilikuwa kubwa. Fedha nyingi zilitumika kubadili nyumba iliyopo kwa nyumba nyingine, na idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kadiri ya watu waliokuwa wakiingia. Kabla ya kwisha miaka ya 1960 njia hiyo ilikuwa imedhoofika. Katika miaka ya 1970 ilifuata njia nyingine, kwa msaada wa Benki ya Dunia: Serikali kupima viwanja, kuweka barabara na maji, na kumwachia mwananchi kazi ya kujenga. Ndivyo zilivyopatikana Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni. Manzese, iliyokuwa imejengwa bila ramani, haikubomolewa bali ilitengenezewa barabara na huduma.

Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wenye majengo hayo katika Uhindini wengi wao walikuwa wa asili ya Asia, na wengi waliondoka nchini. Familia za Kiafrika zikaanza kuingia katika ghorofa za katikati ya mji, zikipanga kwa Serikali. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1891, mtu wa kipato kidogo aliweza kukaa baina ya Mnazi Mmoja na bandari, na mpangaji alikuwa na mwenye nyumba asiyeweza kumtoa kwa siku moja.

Katika mwaka huo huo wa 1971, hata hivyo, swali la waende wapi lilijibiwa kwa namna nyingine. Watu wasio na kazi mjini walipelekwa ng'ambo, kusini ya Kigamboni, kuanzisha kijiji cha ujamaa kilichoitwa Gezaulole, maana yake kwa Kizaramo, jaribu uone. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wengine wakasombwa kwenda kulima. Fikira hiyo haikuwa mpya. Wakoloni nao waliwakamata waliowaita wahuni na kuwarudisha makwao, na wengi wao walirudi mjini. Baada ya mwaka 1983 pia wengi walirudi. Aliyehamishwa mbali na riziki yake huanza safari ya kurudi siku ile ile anapofika.

Daladala na viunga vya mbali

Katika miaka ya 1970 mabasi ya mji yalikuwa machache, na shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, halikuweza kuwabeba watu wote. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na kwa kuwa sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, gari likaitwa daladala. Neno hili dogo lina historia kubwa. Daladala lilifika mahali ambapo ramani haikufika. Mbagala, Tabata, Kimara na Gongo la Mboto zilikua kwa haraka, kwa kuwa mtu sasa aliweza kulala huko na kuamkia Kariakoo.

Ardhi ya viunga hivi haikutoka katika ofisi ya ardhi. Mkulima, aghalabu Mzaramo mwenye minazi, mikorosho na miembe, alikata kipande cha shamba na kukiuza. Mapatano yaliandikwa katika karatasi ya kawaida mbele ya mashahidi na mjumbe wa nyumba kumi, na katika miaka ya baadaye mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa karatasi hiyo mtu alijenga chumba kimoja, akahamia hata kabla ya kutia madirisha, na kila alipopata fedha aliongeza chumba. Wataalamu wa mipango huita makazi hayo holela. Lakini kwa mkazi hayakuwa holela hata kidogo: alijua aliyemuuzia, alijua mpaka wake ni mwembe upi, na alijua daladala lipitalo.

Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilipata watu 843,090 katika mkoa. Ile ya mwaka 2012 ilipata 4,364,541, na ya mwaka 2022 ilipata 5,383,728. Serikali ilijaribu kuutangulia mji kwa mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kupima ardhi Bunju, Boko, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Toangoma, Kisota na kwingineko. Viwanja vilipata wanunuzi, na majumba mazuri yakajengwa. Lakini ardhi hiyo nayo ilikuwa na wakulima, ambao walilipwa fidia wakasogea mbele zaidi. Basi kila kiunga kinapopokea watu kutoka katikati ya mji, chenyewe huwasukuma wengine kwenda nje.

Kigamboni inastahili neno lake. Mlango wa maji uitenganishao na Feri ni mwembamba, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kama nchi nyingine kwa sababu ya kungoja kivuko. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya huko, na wenyeji wakaishi miaka mingi bila kujua kama wajenge au wasijenge. Mwishowe mpango huo haukutimizwa kama ulivyotangazwa. Daraja la Kigamboni, lililopewa jina la Nyerere, lilifunguliwa mwezi Aprili 2016. Hapo ardhi ya ng'ambo ikapanda bei, na mwendo ukafupika kwa mwenye gari kuliko kwa mwenye miguu, ambaye bado huvuka kwa kivuko.

Kariakoo ya maghorofa

Wakati viunga vikipanuka, Kariakoo nayo iligeuka. Soko jipya, lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, lilifunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege likawa alama ya mji. Biashara ilipofunguliwa huru katika miaka ya 1980 na 1990, kiwanja kimoja cha nyumba ya Kiswahili kilianza kuwa na thamani kuliko vyumba vyake vyote. Baraza likawa duka. Chumba cha mbele kikawa ghala. Kisha nyumba nzima ikavunjwa na kupandishwa ghorofa.

Namna nyumba hizi zilivyouzwa ni jambo la kujifunza. Mzee aliyejenga katika miaka ya 1930 alipofariki, nyumba ikawa mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Kizazi cha pili kilipofariki, warithi wakawa wengi kuliko vyumba. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu ishirini, fedha hugawanyika. Aghalabu warithi walikubaliana kuuza, au walifanya ubia na mfanyabiashara: wao walitoa kiwanja, yeye akajenga, nao wakapewa sehemu ya jengo. Walioingia ubia kwa mapatano mazuri walibaki Kariakoo. Waliouza waligawana, na fungu la mmoja mmoja mara nyingi lilitosha kununua kiwanja Chanika au Mbagala tu. Hivyo familia iliyokuwa chini ya paa moja ilitawanyika katika pande zote za mkoa, ikabaki kukutana misibani na harusini.

Na wapangaji wa nyumba ile? Wao walipewa muda wa kuondoka. Hapakuwa na mirathi kwao, wala ubia, wala fidia, hata kama mtu alikaa chumba kile miaka 30. Wengi hawakwenda Chanika, kwa kuwa hawakuwa na fedha ya kiwanja wala ya nauli ya kila siku. Walitafuta chumba kingine kilicho karibu na kilicho duni zaidi: Keko, Vingunguti, Tandale, au kando ya mto Msimbazi.

Maghorofa nayo yamekuwa na misiba yake. Soko la Kariakoo liliungua mwezi Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakafa. Katika mtaa ambao zamani nyumba ikianguka ilikuwa ni udongo na makuti, sasa urefu wa jengo huzidisha hatari yake.

Bonde la Msimbazi na Magomeni Kota

Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Msimbazi ukafurika, nyumba za Jangwani na mabondeni zikazama, na watu wakapoteza maisha. Serikali iliamua kuwahamisha waathiriwa kwenda Mabwepande, kaskazini ya mji, wakapewa viwanja na mahema. Nia ilikuwa kuokoa roho za watu, na hakuna awezaye kusema kwamba bonde lile ni mahali salama. Lakini Mabwepande ni zaidi ya kilomita 20 kutoka Feri, na katika siku zile palikuwa pori, bila soko wala basi la uhakika. Muuza samaki, mpishi wa chakula cha makuli na mchukuzi wa sokoni walipewa ardhi, wakatengwa na kazi. Baadhi yao walivumilia wakajenga. Wengine waliuza kiwanja au walikiacha, wakarudi kando ya maji yale yale yaliyowafukuza. Watu wa mbali waliwaita wakaidi. Historia ya Gezaulole ingeweza kuwaeleza sababu.

Mfano wa pili ni tofauti. Katika Magomeni Kota, nyumba za Serikali za zamani, familia 644 za wapangaji ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili eneo lijengwe upya. Zilikaa miaka mingi zikipanga huku na huko, zikidai ahadi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe nyumba pale pale na kurudishwa, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa hayo. Familia zile zikarudi Magomeni. Hilo ni jambo adimu katika historia ya mji: wapangaji walihesabiwa kwa majina, orodha yao ikatunzwa, nao wakarejeshwa katika mwendo ule ule wa zamani. Si kwamba fedha ilikuwa nyingi kuliko penginepo. Kilichowaokoa ni kwamba walijulikana ni akina nani, nao hawakuacha kudai.

Hesabu ya mizigo na hesabu ya mwendo

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya mtu ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zilifafanua hesabu hiyo: thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, faida iliyopotea, posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Kanuni hizi ni hatua kubwa kupita zama za Wajerumani na Waingereza. Lakini msomaji akizitazama vema ataona kwamba zinapima safari moja tu, safari ya siku ya kuhama. Safari ya kesho yake, na ya kila siku baada ya hapo, kutoka kiungani hata Feri, haina safu katika daftari la fidia.

Swali hili halijakwisha. Mradi wa kulitengeneza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umewalipa watu fidia na kuwataka waondoke bondeni. Kariakoo inaendelea kupanda juu, na viunga vinaendelea kusogea kuelekea Kibaha, Kisarawe na Mkuranga. Kwa hiyo katika miaka ijayo watu wengi wataulizwa tena waende wapi.

Historia ya mji huu yatoa mafundisho matatu. La kwanza, watu huhama kwa hiari wakifuata jamaa na chombo cha usafiri. Barabara na basi vikitangulia, viwanja havikosi watu. La pili, aliyepelekwa mahali pasipo na riziki hurudi, na aghalabu hurudi mahali pabaya kuliko pale alipotolewa. La tatu, katika kila nyumba iliyobomolewa tangu makuti ya mwaka 1891 hadi ghorofa za leo, mwenye nyumba aliandikwa na mpangaji hakuandikwa. Na mji ambao wengi wa wakazi wake ni wapangaji hauwezi kuhesabu nusu ya watu na kusema umemaliza hesabu.

Basi itakapochorwa ramani nyingine, na kuonyeshwa mahali watakapokwenda watu wa mtaa fulani, haitatosha kuuliza kiwanja kina mita ngapi. Iulizwe pia saa kumi ya alfajiri mchuuzi wa mtaa ule atatoka nyumbani na chombo gani, kwa nauli gani, na kama akifika Feri atawakuta samaki bado wako mnadani.